Simu za betri kubwa: Wafanyabiashara wa Kasanda wapige hesabu ya chaji kabla ya kununua

SOKO la simu za mkononi katika ukanda wa juu wa Kigoma limepata neno jipya la kuuzia. Zamani muuzaji alisifu kamera na upana wa kioo. Siku hizi, kuanzia maduka ya Kasulu mjini hadi meza za wachuuzi kwenye magulio ya Kibondo na Kakonko, sifa inayotangulia ni moja: simu hii inakaa na chaji.

Sifa hiyo si ya uongo, lakini haitoshi. Kwa mfanyabiashara wa Kasanda, ambaye simu ndiyo daftari lake, benki yake na mjumbe wake, kununua simu ya bei ndogo yenye betri kubwa ni uamuzi wa mtaji, sawa na kununua mizani au baiskeli ya kubebea magunia. Uamuzi wa namna hiyo hupimwa kwa hesabu. Maneno ya boksi hayalipi deni.

Simu imebeba mtaji

Kasanda ipo wilayani Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Wakazi wake walio wengi ni wakulima wa maharage, mahindi na mihogo. Mnunuzi wa mazao hukusanya maharage debe kwa debe kutoka kwa wakulima, huyajaza kwenye magunia, kisha huyasafirisha kupitia Nyakanazi kwenda kwenye masoko ya mbali kama Kahama na Mwanza.

Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008 na makampuni mengine yakafuata, biashara hiyo imehamia kwa kiasi kikubwa kwenye simu. Bei ya asubuhi inaulizwa kwa simu. Dereva wa lori anatafutwa kwa simu. Mkulima analipwa kwa simu, na wakala anayempa fedha taslimu naye anafanya kazi hiyo kwa simu.

Kwa hiyo simu inapozimika saa nane mchana siku ya gulio, kinachozimika ni biashara nzima. Ichukuliwe kwamba mnunuzi ana magunia kumi ya kilo 100, na bei kwenye soko la mbali imepanda kwa shilingi 50 kwa kilo kabla ya adhuhuri. Mwenye simu inayowaka atalijua hilo kabla lori halijaondoka. Mwenye simu iliyozimika atauza kwa bei ya jana na kupoteza shilingi 50,000 kwa mchana mmoja, wala hatajua kama amepoteza.

Hali ya wakala ni ngumu zaidi. Simu yake ikizimika, fedha yake ya mtandao inabaki imefungwa wakati foleni ya wateja ipo mbele yake. Akiazima simu ya jirani na kuhamishia laini humo, anaweka namba yake ya siri mikononi mwa mtu mwingine. Wapo mawakala wanaoona ni afadhali kufunga meza kuliko kufanya hivyo, na wana haki.

Kinachouzwa ni nini

Ukubwa wa betri huandikwa kwenye boksi kwa herufi mAh. Namba hiyo inaeleza kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi, kama lita zinavyoeleza ukubwa wa dumu. Simu janja za bei ndogo zilizo nyingi sokoni sasa zina mAh 5000. Samsung Galaxy A05 iliyotoka mwaka 2023 ipo katika kundi hilo. Mwaka huohuo itel ilitoa P40 yenye mAh 6000.

Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, ndiyo mama wa itel, Tecno na Infinix, na imejenga jina lake Afrika kwa kuuza simu za laini mbili, betri kubwa na bei ya chini. Kampuni hiyo iliingia kwenye soko la hisa la Shanghai mwaka 2019, ikiwa imekuzwa kwa sehemu kubwa na fedha za wanunuzi wa Afrika. Maana yake ni kwamba mteja wa kijijini amekuwa na sauti kubwa sokoni kuliko anavyodhani. Alitaka simu inayokaa na chaji, na viwanda vikaitengeneza.

Hata hivyo, soko la Tanzania lilijua thamani ya chaji kabla ya simu janja. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani, iliuzwa duniani kwa zaidi ya vipande milioni 200. Haikuwa na kamera wala rangi. Ilikuwa imara, ilikaa na chaji kwa siku kadhaa na ilimulika njia. Kitochi kinachouzwa leo ni mjukuu wa simu hiyo, na bado ni mshindani halali wa simu janja ya betri kubwa.

Hesabu ya mwaka mmoja

Kwa mtu ambaye hana umeme nyumbani, bei ya simu haiishii dukani. Kila anapopeleka simu kwenye kibanda cha kuchaji anailipia tena. Ichukuliwe bei ya mfano ya shilingi 300 kwa chaji moja. Msomaji anayelipa zaidi au pungufu abadilishe namba hiyo na kurudia hesabu.

Simu janja yenye betri ndogo au iliyochoka huchajiwa kila siku. Kwa mwaka ni chaji 365, sawa na shilingi 109,500. Simu ya mAh 6000 katika kazi ya kawaida ya biashara, yaani kupiga, kupokea, kutuma fedha na kutumia bando kwa kiasi, inaweza kukaa siku mbili. Kwa mwaka ni chaji 183, sawa na shilingi 54,900. Kitochi kinachochajiwa mara moja kwa siku tano kinahitaji chaji 73, sawa na shilingi 21,900.

Tofauti kati ya simu janja hizo mbili ni shilingi 54,600 kwa mwaka, au takriban shilingi 4,550 kwa mwezi. Iwapo simu ya betri kubwa imezidi bei ya mwenzake kwa shilingi 60,000, fedha hiyo inarudi baada ya miezi 13 hivi. Kuanzia hapo simu inamlipa mwenyewe. Hapo haijahesabiwa hata siku moja ya gulio iliyookolewa.

Ipo faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Betri za simu za siku hizi, za lithiamu, huchakaa kadiri zinavyojazwa na kumalizwa. Betri inayochajiwa kila siku hufikisha chaji 500 kabla ya mwezi wa 17 kuisha. Inayochajiwa kila baada ya siku mbili huifikia idadi hiyo baada ya miaka miwili na miezi tisa. Joto na umri navyo huila betri, lakini ni dhahiri kwamba betri kubwa inayofanya kazi ileile huchoka polepole zaidi.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu simu nyingi za leo zimefungwa kwa gundi. Zamani mwenye simu alifungua kifuniko kwa ukucha na kuweka betri nyingine. Sasa ni kazi ya fundi, na fundi mwenye betri halisi ya aina hiyo hapatikani kila kijiji. Umoja wa Ulaya umeliona tatizo hilo. Kuanzia Juni 20, 2025 simu zinazouzwa huko zinatakiwa kuwa na betri inayobaki na uwezo usiopungua asilimia 80 baada ya kujazwa mara 800. Mnunuzi wa Kasanda hana sheria ya namna hiyo ya kumlinda. Kinga yake ni kuuliza na kupima.

Umeme unabadilisha hesabu

Hesabu hiyo yote inasimama juu ya sharti moja, kwamba mtu analipia chaji. Sharti hilo linazidi kubadilika. Oktoba 2022 mkoa wa Kigoma ulisherehekea kuunganishwa na gridi ya taifa. Mradi wa umeme vijijini nao umesogeza nguzo kwenye vijiji vingi, kwa gharama ya shilingi 27,000 kwa mteja wa kijijini kuunganishiwa.

Nyumba yenye umeme haina sababu ya kuogopa gharama ya chaji. Betri ya mAh 6000 hubeba takriban wati-saa 23, na pamoja na umeme unaopotea njiani inaweza kutumia wati-saa 30 hivi. Uniti moja ya umeme, yaani wati-saa 1,000, huijaza zaidi ya mara 30. Hata uniti ikiwa shilingi 356, chaji moja haifiki shilingi 12. Mtu huyu akiambiwa kwamba betri kubwa itamwokolea fedha, anadanganywa.

Ndiyo maana inafaa kusemwa wazi kwamba thamani ya betri kubwa hupungua kadiri nguzo zinavyosogea, lakini haiishi. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwakumbusha hata wakazi wa miji mikubwa thamani ya simu inayovuka usiku bila umeme. Hali imekuwa nafuu tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilipoanza kuzalisha Februari 2024. Hata hivyo, nguzo moja ikianguka kwenye mvua za masika, gridi yote ya taifa haimsaidii aliye upande wa pili wa nguzo hiyo.

Dumu kubwa, bomba dogo

Wanunuzi wengi husahau kwamba betri kubwa haina umeme wa kwake. Ni dumu kubwa, na dumu kubwa huchelewa kujaa. Simu ya mAh 6000 ikichajiwa kwa kichwa cha wati 10 huchukua saa tatu hivi kutoka sifuri. Ikichomekwa kwenye taa ya sola yenye mlango wa simu unaotoa wati 5, inataka jua la saa tano au zaidi.

Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, hilo si tatizo. Lakini mvua za Kigoma huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei. Katika siku za mawingu sola ndogo inaweza kuijaza betri nusu tu, na hapo mwenye mAh 6000 hana tofauti kubwa na mwenye mAh 3000 aliyejaza yote. Anayetegemea sola aulize kwanza uwezo wa sola yake, ndipo aulize ukubwa wa betri.

Mtandao nao hula chaji. Simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ili isikike, na simu yenye laini mbili hufanya kazi hiyo mara mbili. Simu ileile inayokaa siku mbili Kakonko mjini inaweza kuisha kwa siku moja bondeni ambako mtandao unakuja na kupotea. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na makampuni ya simu ya kujenga minara 758 vijijini. Kila mnara unaowashwa karibu na kijiji unaongeza uhai wa betri za kijiji hicho bila mtu kubadilisha simu.

Kwa hiyo ahadi ya siku mbili au tatu inayotolewa dukani mjini haina budi kupunguzwa kabla ya kuingizwa kwenye hesabu. Mfanyabiashara mwenye busara aichukue simu ya siku mbili kuwa ya siku moja na nusu. Ikizidi hapo, ni faida.

Kodi na bei ya dukani

Bei ya simu janja nayo imekuwa ikiyumba kwa sababu za kisera. Mwaka 2021 Serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja na vishikwambi, kwa lengo la kufikisha matumizi ya intaneti asilimia 80 ifikapo mwaka 2025. Mwaka uliofuata msamaha huo ulifutwa, na kodi ya asilimia 18 ikarudi.

Fundisho kwa soko ni kwamba msamaha wa bandarini hauhakikishi nafuu mezani kwa mchuuzi. Kati ya Dar es Salaam na Kasanda bidhaa hupita mikono mingi, na kila mkono una faida yake na nauli yake. Nafuu ya kodi isipofuatwa na ushindani wa wauzaji huishia njiani.

Umbali huohuo ndio unaowapa nafasi wauzaji wa simu bandia. Usiku wa Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchini kote, na wengi waliokuwa wamenunua kwa bei ya kutupa walibaki na vipande vya plastiki. Mnunuzi abonyeze *#06# kupata namba ya utambulisho wa simu, kisha aitume kwa ujumbe kwenda 15090 ili kuthibitisha. Adai risiti ya mashine na dhamana ya maandishi. Muuzaji anayekataa mambo hayo amekwisha jieleza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa simu iliyotumika, tahadhari iwe mara mbili. Namba ya mAh 5000 nyuma ya simu ya miaka mitatu ni historia tu. Ijazwe kabisa jioni, iachwe usiku kucha na laini zake zote mbili bila kuguswa. Asubuhi ikiwa imeshuka kwa asilimia chache tu, betri yake ina uhai. Ikiwa imeshuka kwa robo, bei nayo ishuke, au mnunuzi aondoke.

Nani anunue

Kwa kuzingatia hayo yote, simu ya bei ndogo yenye betri kubwa inawafaa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakala wa fedha na mnunuzi wa mazao ambao kipato chao cha siku hupita kwenye simu. Wa pili ni msafiri wa magulio, anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, awe na umeme kwake au asiwe nao. Hawa wanunue, na wanunue ile ya mAh 5000 kwenda juu yenye dhamana, hata kama kamera yake ni hafifu. Maharage hayauzwi kwa picha nzuri.

Mkulima anayepokea simu chache na malipo mara moja kwa msimu hahitaji kuingia gharama hiyo. Huduma za fedha hufanya kazi kwenye kitochi vilevile. Akitaka akiba ya chaji, pawabenki inaweza kumfaa, ilimradi ajue kwamba pawabenki ya mAh 10000 kwa kawaida hutoa kama theluthi mbili tu ya namba hiyo kwenye simu, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea katika kugeuzwa.

Zipo pia simu za mkopo, zinazolipwa kidogo kidogo kila siku au kila wiki na kujifunga mteja anapochelewa. Kwa wakala mwenye kipato cha kila siku utaratibu huo unaweza kufaa. Kwa mkulima mwenye kipato cha msimu ni mtego, kwa sababu simu inaweza kujifunga katika wiki ileile anayoihitaji kutafuta soko. Kabla ya kusaini, mkopaji ajumlishe malipo yote na kuyalinganisha na bei ya taslimu.

Wawekezaji wadogo

Kwa muuzaji wa rejareja, ushauri ni kutokujaza kabati kwa aina moja. Vijiji ambavyo nguzo hazijafika vitaendelea kudai vitochi na simu za betri kubwa. Maeneo yenye umeme yataanza kuuliza kasi ya simu, nafasi ya kuhifadhi na kioo. Anayepeleka mzigo uleule kila mahali atabaki na simu ambazo bei yake inashuka kila toleo jipya linapotoka.

Mwenye kibanda cha kuchaji anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Biashara yake ilijengwa juu ya haba na haba ya shilingi 300. Inabanwa na mambo mawili kwa pamoja: betri zinazokwenda kibandani mara chache, na umeme unaoingia nyumbani kwa wateja. Mtaji wa kuongeza sola kwa ajili ya kuchaji simu peke yake hauna matumaini ya kurudi kwa kasi ya zamani. Ni heri sola hiyohiyo iendeshe friji ndogo au mashine ya kunyolea, na kuchaji simu kubaki kazi ya ziada. Ufundi wa kubadilisha betri zilizofungwa kwa gundi nao una soko linalokuja, kwa sababu simu zinazonunuliwa leo zitakuwa zimechoka baada ya miaka miwili au mitatu.

Simu ya betri kubwa basi si anasa wala si muujiza. Ni kitendea kazi chenye faida kwa anayejua analipa kiasi gani kwa chaji, mtandao wake una nguvu gani na mchana mmoja bila simu unamgharimu nini. Majibu ya maswali hayo hayapo kwenye boksi. Yapo kwenye daftari la mfanyabiashara mwenyewe, na mali bila daftari huisha bila habari.